Gari Lisilomchemshia Dada

Gari bovu la kweli lina adabu. Likifika gereji linakuonyesha lilipoumia, unafungua, unabadilisha, unafunga, kila mtu anakwenda zake. Lakini hili la leo zima, kesho bovu, keshokutwa zima tena, jamani, hili ndilo linalomfanya mtu mzima azungumze peke yake. Fundi alikuwa na moja la namna hiyo tangu mvua zilipokatika, na kibaya zaidi halikuwa la mteja ambaye unaweza kumwambia ajaribu kwa jirani. Lilikuwa la dada yake.

Nasema la dada, ingawa kadi ilikuwa na jina la shemeji. Gari dogo jeupe, la zamani, lenye umri wa kutosha kuoa. Fundi mwenyewe ndiye aliyelichagua miaka minne nyuma. Alilizunguka, akaliwasha, akainamisha sikio kwenye injini, kisha akamwambia shemeji yake mbele za watu alichukue bila wasiwasi, na likimsumbua aulizwe yeye. Maneno yalimtoka kirahisi tu. Kumbe shemeji ni mwalimu wa hesabu, na mwalimu wa hesabu hasahau sentensi.

Sasa lilikuwa linachemsha. Si kila siku. Linakwenda wiki nzima limetulia, halafu ghafla, kwenye mlima wa kuelekea mjini, mshale wa joto unapanda mpaka kwenye wekundu, mvuke unafumuka kwenye boneti, na shemeji anashuka na tai yake shingoni kusimama kando ya barabara huku wanafunzi wake wakipita wanamwamkia. Mmoja aliwahi kumuuliza kama anataka kusukumwa. Hilo shemeji hakulisamehe, na hakuwa anamlaumu yule mwanafunzi.

Jumapili lilichemsha tena, akaliacha hukohuko mlimani, akateremka kwa miguu mpaka gereji, mkononi ana daftari. Humo alikuwa ameandika kila siku lilipochemsha, saa ngapi, na nani alikuwa kwenye usukani. Mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja dereva alikuwa yeye. Mkewe, karani wa masjala, hulipandisha mlima uleule siku tano za wiki kwenda kazini, na halikumchemshia hata mara moja.

"Shemeji," alisema, "gari halina macho. Haliwezi kujua nani ameshika usukani. Ijumaa saa nne nitakuja hapa. Ukinieleza linaumwa nini, na kwa nini linanichemshia mimi tu, tunabaki nalo. Ukishindwa, namwita mnunuzi wa vyuma chakavu, na nitajua kwamba katika ukoo huu hatuna fundi."

Alisema taratibu, bila kupaza sauti, na ndiyo maana yalichoma. Maana huyu Fundi, mama yake alipofariki, alikuwa na miaka saba, na aliyemlea ni dada. Dada ndiye aliyemshika mkono akampeleka kujifunza kazi. Dada ndiye aliyewaambia ndugu wote, wa kwao na wa ukweni, kwamba mdogo wake ni fundi wa kutegemewa, wampelekee magari yao, na wakampelekea. Kwa hiyo shemeji akisema ukoo hauna fundi, dada anageuka mwongo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hilo ndilo lililomuuma Fundi, afadhali gari lenyewe lingeoza.

Wala msidhani alikuwa amekaa tu akikuna kichwa. Mara ya kwanza alibadilisha themostati, kile kilango kinachofunguka injini ikipata moto ili maji yaende kwenye rejeta kupoa. Dada akaliendesha wiki nzima, shwari. Fundi akajiona kidume. Jumamosi shemeji akalipandisha mlimani, likachemsha. Akabadilisha mfuniko wa rejeta. Dada wiki nzima, shwari, shemeji siku moja, mvuke. Akabadilisha mkanda wa feni, akabadilisha pampu ya maji, akaichomeka rejeta mpira wa bomba, maji yakaingia juu yakatoka chini meupe, akaihukumu rejeta kwamba haina hatia. Kila dawa ilifanya kazi mpaka mwisho wa wiki. Mnaona balaa lake? Ugonjwa usiokubali dawa unajulikana. Huu ulikuwa unakubali kila dawa, halafu unazikataa zote.

Na alikuwa mwangalifu, msimwonee. Mzee aliyemfundisha kazi alimzoesha kwamba gari likiingia gereji livuliwe kila kitu: redio, taa, viyoyozi, vyote vizimwe, injini isikike peke yake. Kwa hiyo kila dada alipomkabidhi funguo, Fundi aliingia, na kabla hajawasha alipitisha kiganja kwenye dashibodi kutoka kushoto kwenda kulia, kila kitufe na kila kiwashio kikarudi kwenye sifuri. Hata hakuangalia. Yalikuwa mazoea ya mkono, kichwa hakikushirikishwa. Kisha akasikiliza injini, na injini ikamwimbia vizuri.

Jirani yake, mzee anayechaji betri, ambaye wote humwita Mzee Betri, alikuwa na majibu ya bure. Alisema gari limeolewa na dada, likipandwa na mwanaume linaona wivu. Alimshauri shemeji ajaribu kupanda mlima amevaa gauni la mkewe. Siku nyingine alisema tatizo ni tai, shemeji ailegeze kidogo gari lipumue. Watu wakacheka, Fundi naye akacheka, halafu akarudi chini ya boneti akagundua kwamba amesahau alikuwa anatafuta nini.

Jumatatu alishuku gasketi, ile inayoziba katikati ya tumbo na kichwa cha injini, ambayo ikipasuka ni kilio. Akafungua mfuniko injini ikiwa baridi, akawasha, akatazama maji kama yanatoa mapovu. Aliyakodolea macho mpaka akaanza kuona mapovu yasiyokuwepo. Maji yalikuwa matulivu.

Jumanne akasema basi labda ni uendeshaji. Akampandisha shemeji kwenye usukani, yeye akakaa pembeni. Shemeji aliendesha kama anasimamia mtihani: mikono miwili, macho mbele, gia inabadilishwa pale tu inapostahili. Hakuna dereva mpole kuliko yule, na katikati ya mlima likachemsha. Wakakaa kando ya barabara wakingoja lipoe, mtu na shemeji yake. Shemeji akafungua daftari akaandika: kumi na mbili.

Jumatano dada akaenda nalo kazini, akarudi nalo. Fundi alikuwa anamngoja getini kwao. Akafungua boneti, akagusa, akatazama kipimo. Mshale uko katikati, umetulia kabisa. Akamuuliza dada anapitia wapi, anaweka gia gani, anasimama mara ngapi. Dada akajibu yote, kwa ufupi, akasema amechoka, akaingia ndani. Fundi akabaki nje na boneti wazi. Alikuwa ameshika spana na hajui aipeleke wapi, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa ya kazi alijiuliza kama kweli anaijua injini au amekuwa akibahatisha siku zote na bahati ndiyo sasa imeisha.

Alhamisi akaamua kufanya jambo ambalo lilikuwa wazi tangu mwanzo, na mimi naona haya kwa niaba yake kwamba lilimchukua muda wote huo. Hakuwahi kupanda gari lile dada akiwa anaendesha. Saa tisa na nusu alikuwa nje ya ofisi ya dada, jua linachoma, hata mbwa wa mlinzi amelala chini ya gari la mtu. Dada alipotoka akashtuka kumwona. Akampa funguo, akasema endesha wewe. Fundi akakataa, akasema leo yeye ni abiria. Dada akasita, akasema mwili wake umechoka. Fundi akasema nusu saa tu, wateremke mlima kisha waupande tena, kesho ni Ijumaa. Dada akaingia. Fundi alimwona akipeleka mkono haraka kwenye dashibodi na kusukuma kitu, akadhani ni redio.

Mlimani mshale ukaanza kupanda. Fundi hakuamini. Ukapita katikati, ukasogea, ukasogea tena. Moyo ukamdunda kwa furaha, naam, furaha, maana hatimaye gari lilikuwa linamchemshia dada vilevile, yale ya wivu na gauni yameisha. Halafu papo hapo furaha ikachanganyika na kizunguzungu. Kwa nini leo? Kwani yeye Fundi, kukaa tu kwenye kiti, amelipa gari homa? Akatazama mshale, akamtazama dada, akaona mikono yake inatetemeka kwenye usukani.

Akadhani anaogopa mshale. Akamwambia asiogope, halitalipuka, aendelee tu. Dada akakanyaga mafuta. Alikuwa amebana meno. Walipofika kwenye kona ya pili, akaachia mkono mmoja, akaupeleka kwenye dashibodi, akasukuma kitufe mpaka mwisho, na upepo wa moto ukawapiga usoni wote wawili.

Mshale ukasimama. Ukakaa pale kidogo, kisha ukaanza kurudi polepole, mpaka katikati.

Fundi akacheka. Alicheka kwa sauti, akajipiga paja, akaanza kumweleza dada kwa haraka kama mtu anayeogopa asije akasahau. Hita ya gari haina moto wake. Inaazima maji ya moto ya injini, inayapitisha kwenye kijirejeta kidogo nyuma ya dashibodi, feni inakipuliza, joto linaingia humu ndani. Anayewasha hita anaisaidia injini kupoa. Basi rejeta kubwa ndiyo mgonjwa, mirija yake mingi imeziba, na yale maji ya bomba yalipita kwenye michache iliyobaki wazi, yakatoka meupe, yakamdanganya. Na kila dada alipomletea gari, kiganja chake mwenyewe ndicho kilichoizima hita kabla hajaangalia. Mjinga gani huyu, alisema, mjinga gani, jibu analifuta mwenyewe kila siku kwa mkono wake.

Jasho likamwingia machoni. Akajifuta, akaona shati lote limemganda mwilini. Akamgeukia dada ili wacheke wote. Dada alikuwa amefunga vifungo vyote vya koti lake la kazini mpaka cha shingoni, na usoni hakuwa na hata tone moja. Midomo ilikuwa imekauka. Mikono ilikuwa imeacha kutetemeka.

Kicheko kikamfia Fundi kinywani. Walipofika juu mlimani, dada akaegesha kando, hakuzima injini wala hita.

"Dada," Fundi alisema, "jua lote hili?"

"Nasikia baridi."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla mvua hazijakatika. Kwenye mifupa. Ngozi haina shida."

Akaeleza kidogokidogo, macho yako mbele. Mwanzo alidhani ni uchovu. Halafu akalaumu feni ya ofisini. Nyumbani anavumilia, mume akifungua dirisha analiacha wazi mpaka mumewe apitiwe na usingizi ndipo alifunge, akiulizwa kuhusu shuka la pili anasema mbu. Humu kwenye gari peke yake ndimo mahali pa pekee anapopata joto bila kuulizwa na mtu. Nusu saa asubuhi, nusu saa jioni. Akifika nyumbani huizima hita mtu asijue, kama alivyoizima leo Fundi alipopanda.

Fundi akamuuliza kama amekwenda hospitali. Dada akatikisa kichwa.

"Mama alianza hivihivi," alisema.

Fundi alikuwa mdogo mno wakati ule. Alichokumbuka ni kimoja: mama ameketi nje ukutani saa sita mchana, amejifunika blanketi, na yeye, akidhani ni mchezo, akaingia humohumo chini ya blanketi akakaa naye mpaka akashindwa kwa joto, akatoka mbio akicheka. Hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo. Hata sasa hakulisema.

Dada akasema atakwenda, bila shaka atakwenda, ila mitihani ya shule iishe kwanza, mumewe ana mengi. Akasema asiambiwe. Akataka ahadi. Fundi akaahidi, na wewe ungeahidi, maana mtu aliyekufungia viatu hadi ukajua kuvifunga humkatalii kirahisi. Lakini aliporudi na gari gereji jioni, akaweka kiganja kwenye rejeta, akaikuta juu inaunguza na katikati ni baridi kabisa, uhakika wenyewe, hakupata hata chembe ya ile furaha ya fundi aliyeuona ugonjwa. Alikuwa na jibu lote mkononi na ameahidi kutoa nusu yake.

Ijumaa saa nne kamili walikuja wote wawili kwa miguu, dada ameomba ruhusa kazini. Shemeji alikuwa na daftari. Mzee Betri akajifanya anatafuta kitu karibu ili asikie vizuri.

Fundi akaeleza rejeta, mirija iliyoziba, maji ya bomba yaliyomdanganya. Akamshika shemeji mkono akauweka juu, kisha katikati, shemeji akahisi mwenyewe moto na baridi. Akaguna, akaandika. Akasema hapo wameelewana, ni jambo linaloeleweka. Kisha akauliza swali la pili.

"Sasa kwa nini halimchemshii yeye? Mlima ni uleule, rejeta ni ileile."

Fundi akamtazama dada. Dada alikuwa amesimama juani, si kivulini pamoja na wao, amekunja mikono ndani ya koti. Alimtazama mdogo wake bila kupepesa.

"Sijui," Fundi alisema.

Mzee Betri akaacha kutafuta alichokuwa anatafuta. Shemeji akangoja, kama anavyongoja darasani, akampa nafasi nyingine. Fundi akarudia kwamba hajui. Alikuwa akitazama viatu vyake, masikio yamemwaka moto. Kuna aibu ya kukosa jibu, na kuna aibu ya kuwa nalo umelikalia. Hii ya pili, nawaambia, ni nzito zaidi, kwa sababu ulimi unalijua na unawasha.

Shemeji akafunga daftari. Akasema, bila hasira, kwamba basi rejeta nayo ni kubahatisha, kama themostati ilivyokuwa, na pampu, na mkanda. Wiki ijayo litakuwa zima, Jumamosi litachemsha. Anamheshimu sana, akasema, lakini fundi anayebahatisha si fundi. Akatoa simu kumpigia mnunuzi wa vyuma. Fundi alichukua kitambaa akaanza kufuta mikono ambayo haikuwa michafu.

"Weka simu," dada alisema.

Shemeji akamgeukia.

"Anajua. Mimi ndiye niliyemkataza kusema. Halinichemshii kwa sababu nawasha hita."

"Hita?" shemeji aliuliza. "Siku gani?"

"Kila siku."

Shemeji akatazama juu, kwenye jua, kisha akatazama koti la mkewe, vifungo mpaka shingoni. Mtu aliyezoea kukokotoa huwezi kumficha hesabu ukishampa tarakimu moja, na alionekana akizipata nyingine mwenyewe: dirisha linalofungwa usiku, shuka la pili, mbu ambao yeye hakuwahi kuwasikia. Akafungua daftari bila sababu, akapekua. Siku zote kumi na mbili, saa, dereva, yote ya gari. Akaliweka juu ya pipa la mafuta machafu, akaliacha pale.

"Tangu lini?" alimuuliza mkewe, na sauti haikuwa ya mwalimu.

Dada akafungua mdomo, machozi yakatangulia. Fundi ndiye aliyejibu, akasema tangu mvua, akasema na mama alianzaje. Ahadi ilikuwa imeshavunjwa na mwenyewe, na hata kama isingevunjwa, sasa angeivunja.

Shemeji akauliza kama gari litafika hospitali kubwa, sasa hivi, rejeta ikiwa bado imeziba. Fundi akasema mlima upo, lakini hita ikiwashwa mpaka mwisho na madirisha yote yafungwe dada apate joto lake, litafika.

Shemeji akaendesha. Dada akakaa mbele, Fundi nyuma katikati, shingo ameirefusha ili auone mshale. Joto lilikuwa la kupasua kichwa. Kwenye kona ya kwanza tai ya shemeji ilikuwa imeloa, kwenye ya pili jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni, na hakuondoa mkono kwenye usukani kulifuta. Mshale ulikaa katikati, haukutikisika. Kwa mara ya kwanza tangu mvua zikatike gari lilikuwa linampandisha mlima salama.

"Bado unasikia baridi?" aliuliza.

"Kidogo," dada alisema.

Shemeji akanyoosha mkono akakisukuma kile kitufe cha hita, kilikuwa kimeshafika mwisho, akaendelea kukisukuma.